Ukoko Tumboni mwa Lori

Lori la Zubeir lilizimika katikati ya mlima likiwa na kitanda cha bibi harusi.

Lilikuwa limetoka Ole baada ya sala ya alasiri. Nyuma kulipakiwa kitanda cha mvule, kabati la vioo, godoro lililofungwa ndani ya nailoni na makatoni ya vyombo, na juu ya vitu hivyo walikaa wanawake wa ukoo wa Bi Mwanapili, wakiimba na kupiga vigelegele kila walipopita penye watu. Mlima wa mwisho kabla ya kuingia Wete ndio uliowanyamazisha. Injini ilianza kugonga, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha mlango kwa hasira. Moshi ukapenya chini ya kiti, kisha ikawa kimya. Zubeir akashindilia breki, akaruka chini, akatafuta jiwe la kuzuia gurudumu.

Bi Mwanapili, mama wa bibi harusi, alikuwa amekaa mbele kwa heshima yake, buibui jipya, ananukia udi. Hakufoka. Alimtazama Zubeir akihangaika na jiwe, akatoa simu kwenye mkoba.

"Mungu ndiye mpangaji, Bwana Zubeir," akasema, akaanza kuwapigia wakwe.

Afadhali angemtukana. Wakwe walileta gari ndogo na kundi la vijana, wakashusha kitanda wakicheka, na mmoja akasema kwa sauti kwamba kitanda kimechoka kabla ya maharusi. Wanawake walishuka mmojammoja, wakakunja mabuibui yao wasiyaburure kwenye tope la pembeni ya barabara, wakaenda kwa miguu. Zubeir alitoa nauli mfukoni akamrudishia Bi Mwanapili. Bi Mwanapili alikataa mara ya kwanza, akaipokea mara ya pili, kwa sababu watu walikuwa wakitazama.

Lori lilivutwa kwa kamba mpaka gereji ya Fundi Sleiman. Sleiman alikuwa fundi wa siku nyingi pale Wete, si mtu wa maneno mengi wala wa tamaa. Alisikiliza injini, akazima, akasikiliza tena. Alimwambia Zubeir kwamba gari hilo limetembea umri wa magari mawili, kwamba oili haifiki juu, na kwa mlio ule huenda beringi za chini zimekwisha kuliwa. Kuifungua ni kazi ya siku kadhaa, na mtu anaweza kufungua akakuta hakuna cha kuokoa. Kwa rai yake, ilikuwa bora kutafuta injini nyingine ya mtumba kutoka Dar es Salaam.

Zubeir alicheka, lakini si kwa furaha. Injini ya mtumba ilikuwa na bei kubwa kuliko lori lenyewe.

Basi Sleiman akamtilia oili nzito, ya kumfikisha nyumbani. Akamweleza wazi kwamba hiyo ni panadol, si dawa. Ikiwa baridi, injini itawaka vizuri na kunguruma kama kawaida. Ikipata moto, itarudi kugonga. Zubeir akashukuru, akaondoka polepole, akisimama kila baada ya mwendo mfupi ili ipoe. Na katika moja ya visimamo hivyo, akiwa peke yake pembeni ya mashamba ya mihogo, wazo lilimjia. Ikiwa baridi, inawaka vizuri. Mtu akija kuitazama asubuhi, akaiwasha, akaisikia kwa dakika chache, hatasikia kitu.

Mtu mwenyewe alikuwepo. Tangu mwezi wa Ramadhani, Rajab wa Wambaa, mwenyekiti wa kikundi cha wavuvi, alikuwa akimpigia simu kumuuliza kama anauza lori. Wavuvi walikuwa wanataka gari lao wenyewe la kupelekea samaki Wete, ambako wangepata bei nzuri zaidi kuliko kwao. Zubeir siku zote alimjibu kwamba haliuzwi. Jioni ile alimpigia yeye.

*

Mkewe, Kazija, alimsikiliza mpaka mwisho. Walikuwa wamekaa ukumbini, sahani ya muhogo wa nazi katikati yao, na binti yao Ummkulthum amekaa karibu na mlango wa uani akichambua mchele. Zubeir alieleza kwamba Rajab anakuja Ijumaa baada ya sala, kwamba ataiwasha ikiwa baridi, kwamba kila anayeuza gari kuukuu hufanya vivyo hivyo, na kwamba hata yeye alipolinunua hakuambiwa kila kitu.

Kazija hakubishana naye. Alikusanya sahani, ingawa Zubeir alikuwa bado hajamaliza kula.

"Hao wavuvi wamechanga," akasema. "Kila mmoja katoa chake. Pesa hizo zikija, miye sitazila."

Akaenda zake jikoni. Zubeir alibaki na tonge mkononi. Alimtazama bintiye, lakini Kulthum alikuwa ameinamia ungo wake kama hakusikia.

Alikuwa amesikia kila neno. Kulthum alikuwa amesomea ufundi wa magari katika chuo cha amali, na nauli yake ya kwenda na kurudi ilitoka kwenye lori hilohilo. Alifaulu vizuri. Baada ya hapo alizunguka gereji za Chake na Wete kuomba kazi. Moja walimwambia awe anaandika risiti, nyingine walimwuliza kama anajua kupika chai. Akarudi nyumbani kukaanga maandazi na mama yake, na spana zake akaziweka kwenye mfuko wa gunia chini ya kitanda. Mara mbili tatu alimwomba baba yake amwachie aangalie lori. Zubeir kila mara alimjibu kwa upole kwamba lori halina neno.

Asubuhi iliyofuata, Zubeir akiwa bado msikitini, Kulthum alikwenda mwenyewe. Alifungua kifuniko cha kutilia oili, akaingiza kidole. Kilitoka na kitu cheusi, kizito, kinachovutika kama haluwa iliyoungulia sufuriani. Akakifuta kwenye kitambaa, akapanda ndani, akageuza ufunguo bila ya kuwasha, ili azione taa. Taa ya oili haikuonekana. Alijua kwamba kabla injini haijawaka ni lazima taa ile ionekane. Akasogeza uso karibu, akaona kwamba mahali pake pamebandikwa kipande cha utepe mweusi wa umeme, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa, sawa na ukubwa wa taa.

Zubeir alipofika alimkuta bintiye amekaa kwenye kiti cha dereva, na kile kipande cha utepe kimemganda ncha ya kidole. Mbele yake, chini ya usukani, taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Tangu lini, baba?"

Zubeir aliangalia barabarani, kisha akaangalia kandambili zake. Alijibu polepole kwamba ilianza msimu wa karafuu uliopita. Taa ilikuwa inamsumbua macho. Oili alikuwa akitia, hakuiacha kavu hata siku moja. Ikipungua aliongeza ile ya rejareja ya kupimiwa chupani. Ila kuimwaga yote na kubadili filta kulitaka kupoteza siku nzima ya kazi, na kila safari alijiambia safari ijayo. Safari zikapita, mwaka ukapita, mwisho hakumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kulthum hakumlaumu. Alimweleza kwamba oili ikiachwa hivyo huungua, ikagandana na masizi na vumbi, ikawa tope, na tope lile huziba chujio la chini linalofyonza oili kuipeleka juu. Ndiyo maana injini ikipoa huamka, na ikipata moto huanza kufa. Hakuwa na hakika kama beringi zimesalimika. Hilo mtu hawezi kulijua mpaka afungue.

"Injini haijafa, baba. Imekabwa koo. N'patie ruhusa nifungue. Nikishindwa, utaiuza kwa bei ya chuma, na utakuwa umemwuzia ntu kitu anachokijua."

Zubeir alitikisa kichwa. Alisema kwamba barabara ile haina siri. Watu watasema Zubeir kakosa hata pesa ya fundi, mpaka kamlaza bintiye chini ya gari mbele za watu.

"Watu wameshasema," Kulthum akajibu kwa sauti ya chini. "Wamesema juzi, mlimani."

Baba yake alimtazama kama aliyepigwa, akaingia ndani.

*

Rajab alikuja Ijumaa kama alivyoahidi, yeye na wenzake wawili, wamevaa kanzu zao za sala. Mkononi alikuwa na kolekole mkubwa aliyefungwa kwa ukili, zawadi ya nyumba. Kazija alimpokea samaki kwa mikono miwili, akashukuru, lakini hakumtazama mumewe.

Lori liliwaka mara moja. Lilinguruma vizuri, kwa sauti nene ya kuridhisha, na mmoja wa wale wavuvi akapiga bodi kwa kiganja, akatabasamu. Rajab alizunguka gari, akatazama magurudumu, akarudi kusimama mbele ya Zubeir. Alikuwa mtu mrefu, mikono yake ina makovu ya mishipi. Alieleza kwamba kikundi kimekusanya tangu mwaka jana, na kwamba kuna wajane humo ambao wametoa pesa za mwani wao. Kisha akaweka mkono begani mwa Zubeir.

"Sisi ni watu wa baharini, gari hatuzijui. Tumekuja kwako kwa sababu tunakujua wewe. Basi niambie, ndugu yangu: niichukue?"

Jibu Zubeir alikuwa nalo. Alikuwa amelipanga usiku kucha, maneno manne matano mepesi. Injini ilikuwa inazidi kupata moto nyuma yake, na alijua ana muda mfupi tu kabla haijaanza kubisha hodi. Mlangoni, pazia lilitikisika. Alijua kwamba nyuma ya pazia hilo amesimama Kazija.

Alipanda ndani akazima gari. Alipoteremka, alisema:

"Usiichukue."

Akamweleza yote: oili nzito, tope, mlima, hata kile kipande cha utepe. Alieleza akitazama chini, na kadiri alivyokuwa akieleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kuwa nyembamba. Mmoja wa wale wavuvi aliguna kwamba wamepoteza nauli na siku. Mwengine alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeponea. Rajab hakucheka wala hakulaumu. Alimtazama Zubeir muda mrefu, akamuaga, akawaongoza wenzake kurudi barabarani.

Zubeir alisimama pale mpaka walipotokomea. Sasa hakuwa na mnunuzi, wala hakuwa na kazi. Akamwita bintiye.

"Leta spana zako."

*

Hata hivyo, haya hazimtoki mtu kwa siku moja. Kabla Kulthum hajagusa bolti, Zubeir alisimamisha miti na kulizungushia lori ua wa makuti upande wa barabarani, ili wapita njia wasione kitu. Kisha akaliinua kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo ya mfenesi, akajaribu kila gogo kwa kulipiga teke. Kulthum alivaa suruali ya kazi ya baba yake, akafunga mtandio wake nyuma ya shingo, akaingia chini.

Alipofungua bolti ya kumwagia, oili haikuruka kama inavyopaswa. Ilishuka kidogokidogo, ikavutika kama asali, halafu ikakatika. Kulthum akachokoa kwa waya, ikashuka tena, ikakatika tena. Ilipokwisha, akafungua sampu, lile karai la chini linalokusanya oili, wakaishusha wote wawili kwa uangalifu, wakaiweka juu ya gunia. Ndani yake mlikuwa na tope jeusi lililogandana unene wa kidole, na chini ya tope kulikuwa na tabaka jengine gumu lililong'ang'ania chuma.

Kazija alikuja kutazama, mikono yake ina unga wa maandazi.

"Huu ni ukoko," akasema. "Chungu hiki hakijakoshwa tangu kinunuliwe."

Akarudi na kumbi la nazi, kijiko cha chuma, sabuni ya mche na dumu la mafuta ya taa, akakunja mikono ya gauni, akaanza kukwangua. Alikuwa amekosha masufuria ya maulidi tangu ujana wake na hakuona tofauti kubwa. Kulthum yeye alichukua chujio. Lilikuwa limeziba kabisa. Zubeir aliliomba, akalinyanyua juani, akalitazama kwa jicho moja. Hapakupita hata chembe ya mwanga. Alilishika vile kwa muda, halafu akaketi juu ya gogo, akachukua mswaki wa zamani, akaanza kulisugua mwenyewe.

Ugomvi ulizuka kesho yake. Zubeir, ambaye alikuwa ameanza kuona matumaini na kwa hiyo ana haraka, alitaka warudishe sampu, wamwage mafuta ya taa ndani ya injini, waiwashe, ijikoshe yenyewe. Madereva wengi aliowajua walifanya hivyo. Kulthum alikataa katakata. Alisema kwamba tope lililobaki juu litang'oka vipandevipande, litateremka na kuziba vitundu ambavyo hakuna mkono utakaovifikia, na hapo ndipo injini itakapokufa kwelikweli. Hapakuwa na njia ya mkato. Ni kufungua kifuniko cha juu pia, na kukwangua kwa mkono. Zubeir alikasirika, akasema yeye kaendesha magari kabla Kulthum hajazaliwa. Akapanda baiskeli, akaenda mpaka Wete kumwuliza Fundi Sleiman, akiwa na hakika ya kuungwa mkono.

Sleiman alimsikiliza huku anafuta mikono. Alisema binti yuko sawa, na kwamba yeye mwenyewe alishaua injini ya mtu kwa haraka hiyohiyo, na hajaisahau. Kisha akauliza beringi zimeonekanaje. Zubeir akajibu kwamba bado hawajazifungua, maana Kulthum hana spana ya kupimia mkazo, na bila hiyo hataki kuzigusa. Asubuhi yake Sleiman akatokea Ole juu ya pikipiki, na spana hiyo imefungwa nyuma kwa mpira.

Waliingia chini ya lori wote wawili, fundi upande mmoja, Kulthum upande wa pili. Zubeir aliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini, lugha ya kazi. Wakafungua beringi moja, wakaifuta, wakaitazama kwa mwanga wa simu. Ilikuwa inang'aa. Ya pili inang'aa. Moja ilikuwa na mikwaruzo ambayo ukucha unaihisi. Hiyo ilikuwa ndiyo iliyokuwa ikibisha hodi. Lakini krenki, chuma chenyewe kinachozunguka ndani ya beringi hizo, kilikuwa laini kila mahali. Kulthum alipitisha kidole chake mara mbili, tena mara ya tatu, akihofia kwamba anakosea.

"Mzima," Sleiman akasema kutoka chini. "Bwana Zubeir, hino injini nimeizika kabla haijakata roho."

Kulikuwa bado na vitu vya kununua: beringi, filta, gasketi, na oili, tena oili si ya mara moja. Zubeir hakuwa na kitu. Ilimbidi aende jikoni, asimame mlangoni kwa mkewe, na aombe pesa za maandazi kwa kinywa chake. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo tangu amwoe. Kazija alizitoa kwenye kopo bila ya kumwuliza swali, na alipompa alimfunika vidole kwa kiganja chake, kidogo tu, kisha akageukia moto wake.

Wakati huo habari ilikuwa imeshaenea. Ua wa makuti haukuficha kitu. Wapita njia walisimama, wakainama, wakachungulia penye tundu. Mmoja aliuliza kwa sauti kubwa kama vijana wa kiume wamekwisha Ole. Zubeir alimsikia. Kulthum, ambaye wakati huo alikuwa juu ya injini anakwangua tope karibu na valvu kwa kipande cha mti, aliomba taa, kwa kuwa haoni vizuri. Zubeir aliitazama taa, akautazama ule ua. Akaenda akaung'oa mti mmoja, na wa pili, makuti yote yakalala chini, jua likaingia mpaka ndani ya injini.

"Yanatuzibia mwanga," akamwambia yule mtu wa barabarani. "Wewe kama unataka kutazama, karibu. Huyu ni binti yangu."

Yule mtu akajifanya ana haraka.

*

Siku ya kuwasha, Sleiman hakuwepo. Alikuwa na kazi zake. Kulthum alitia oili mpya, akaizungusha injini kwanza bila kuiacha ishike, ili oili ipande. Kisha akampisha baba yake kwenye kiti. Zubeir alisema bismillahi, akageuza ufunguo. Taa ya oili ilikuwa nyekundu mbele yake, wazi, haina kitu juu yake.

Injini ikashika. Taa ikabaki. Kulthum, amesimama kwenye ngazi ya mlango, alitazama taa ileile, midomo yake ikitikisika. Kisha taa ikazimika, polepole kidogo, kama mtu anayefumba jicho.

Lakini hiyo ilikuwa ni injini baridi, na wote watatu walijua kwamba baridi si ushahidi. Wakaiacha ingurume. Kazija alileta chai na maandazi, wakanywa wamesimama. Mshale wa joto ukapanda mpaka pale ambapo kila siku mlio ulianzia. Ukapita. Zubeir aliweka kiganja juu ya bodi akasikiliza kwa mkono. Akakanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. Ulikuwa mngurumo mmoja tu, wa sawasawa.

Zubeir aliteremka, akaenda kutawadha, akasali rakaa mbili za shukrani. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, na akakuta bintiye ameshaweka karai chini ya lori.

"Tuimwage sasa, ingali moto," Kulthum akasema.

Zubeir hakuamini. Oili mpya, ya pesa za maandazi, haijafika hata barabarani. Akaguna, akalalamika, mwisho akafungua bolti mwenyewe. Oili iliruka kwa nguvu, na ilikuwa nyeusi kama wino. Wakatia nyengine na filta nyengine, Zubeir akaliendesha lori tupu mpaka Chake na kurudi, wakaimwaga hiyo nayo. Safari hii ilitoka rangi ya chai ya rangi. Zubeir alichukua tone moja baina ya vidole viwili, akaisugua, akamwonyesha mkewe, akiwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu.

*

Rajab alirudi peke yake. Habari zilikuwa zimemfika Wambaa kwamba lori linakwenda. Zubeir alimkaribisha, na kabla hajaulizwa akamwambia kwamba safari hii haliuzwi, anamwomba radhi. Rajab alisema hakuja kununua. Kikundi bado kinataka gari, lakini kimeona bora kukodi kwanza, samaki wapande kila alfajiri kutoka Wambaa hadi Wete, na kila mwisho wa wiki malipo. Wenye magari waliojitokeza walikuwa wengi, baadhi yao wana magari mapya.

"Wenzangu wakauliza, kwa nini Zubeir na kuukuu lake? Nikawaambia, ntu aliyenambia ubaya wa gari yake pale alipokuwa na shida ya pesa, huyo samaki wangu n'tamwachia na nikalale."

Ni Kazija aliyejibu kutoka nyuma ya pazia, kwamba wamekubali, na kwamba mgeni asiondoke bila ya kula.

Alfajiri ya kwanza, pwani ya Wambaa ilijaa watu. Makasha ya samaki na barafu yalipandishwa mpaka bodi ikalalia magurudumu. Wavuvi wenyewe walitazama kwa mashaka, na mmoja akanong'ona kwamba limezidishwa mzigo. Kulthum alikaa mbele na baba yake, dirisha wazi, sikio lake nje. Walipoianza milima ya barabara ya Chake, Zubeir alitia gia ndogo na kushika usukani kwa mikono yote miwili, kwa mazoea ya hofu. Lori lilipanda. Lilipanda polepole, likinguruma, likimwaga matone ya barafu iliyoyeyuka nyuma yake, na lilipofika kileleni liliteremka na kuupanda mlima wa pili bila ya kubadili sauti. Zubeir alianza kutabasamu hapo. Walipovuka Ole, Kazija alikuwa amesimama barabarani na jirani zake. Zubeir alipiga honi ndefu, watoto wakakimbia nyuma ya lori mpaka wakachoka.

Mjini Wete, Fundi Sleiman aliwasikia kabla hajawaona. Alitoka gerejini na kikombe cha kahawa mkononi, akalisikiliza lori linapita, akainua kikombe juu. Sokoni barafu ilikuwa haijaisha kuyeyuka. Wachuuzi waliwazunguka kabla Zubeir hajazima gari, na Rajab, amesimama juu ya makasha, alikuwa akinadi changu na kolekole kwa sauti iliyofika bandarini. Kabla jua halijawa kali, makasha yalikuwa matupu. Alipompigia simu mwenzake wa Wambaa kumweleza bei waliyopata, Rajab ilimbidi aseme mara mbili, kwa kuwa yule wa upande wa pili hakuamini.

*

Sasa pale kwa Zubeir pana banda la mabati pembeni ya barabara. Kulthum hakuandika kitu mlangoni, lakini madereva wanapajua, na kuna siku wanasubiriana. Kazija anasema kwamba maandazi yake sasa yanaisha kabla ya saa tatu, maana mwenye gari mbovu hana la kufanya ila kula.

Mchana mmoja lori la mchanga liliingia pale likikohoa moshi wa buluu. Dereva wake, mtu wa makamo mwenye kofia safi, alimkuta Zubeir amekaa kwenye benchi amerudi kutoka Wete. Akamwamkia, akasema kwamba amesikia kuna kijana mmoja stadi hapa, anafufua injini, na anamwomba amwitie.

"Si kijana, ni binti yangu," Zubeir akasema. "Yuko chini ya gari lile, anatoka sasa hivi. Lakini kabla hajatoka, niambie miye. Mara ya mwisho umemwaga oili lini?"

Yule dereva alilitazama lori lake. Akavua kofia, akaikung'uta, ingawa haikuwa na vumbi. Alianza kusema kwamba oili haijawahi kupungua, kwamba kila wiki anaongeza.

Zubeir alisogea pembeni, akapiga benchi kwa kiganja.

"Kaa, ndugu yangu," akasema. "Kaa, tukumbuke pamoja."